Ngozi Zinalala Pakavu

Kingi, tarehe 3 Oktoba 1954

Manassé wangu, mume wangu (acha niandike mara ya pili kwa raha yangu: mume wangu!),

Ndoa yetu ina siku kumi na tano, na nane kati ya hizo umezipeleka msituni. Ni halali hiyo? Nimemuuliza padri kwa mawazo tu, na kwa mawazo amenijibu kwamba si halali hata kidogo.

Niko nyuma ya pazia la mikeka, kama desturi inavyotaka. Mama yako Mukandori hanipi hata ufagio. Jana niliokota kijiko kilichoanguka, akapiga kelele: "Weye, bibi-arusi haokotake kitu! Unataka batu ba Kingi baseme namutumikisha mutoto wa wenyewe?" Basi nakaa. Nakunywa maziwa asubuhi, nakunywa maziwa jioni. Ukirudi utanikuta nimejaa kama mtungi. Watu wetu wa Ngungu watakuja Jumamosi ya tarehe 4 Desemba kunifunua, na kabla ya siku hiyo sikanyagi uani watu wakiniona. Wewe uwe umerudi. Sitaki kufunuliwa mbele ya kiti kitupu.

Mvua inaanza kila siku saa nane, na ukungu unaingia hadi chini ya pazia. Nakumbuka ulivyonivisha pete, ukaiangusha, na mashahidi wakaitafuta chini ya benchi. Nacheka peke yangu mpaka Mama anauliza kama nina homa.

Sasa neno zito. Kaka yangu Rukara. Unajua ni yeye aliyebaki na ng'ombe ili mimi niende kwa masista, nikasoma hadi sekondari, na yeye hajui kuandika jina lake. Unajua pia kifua chake si kizuri tangu alipokuwa mdogo. Ulipomtafutia kazi ya kubeba ngozi uliniambia, "Nitamurudisha kwako muzima." Neno hilo nimelishika kuliko kiapo cha kanisani, Mungu anisamehe.

Mnalala wapi? Mnalala juu ya nini? Nimefunga mablanketi mawili mazito, lako na la Rukara, yanangoja lori la Alhamisi linaloshuka Mubi. Niandikie haraka.

Mke wako (mke!),
Verdiane


Kambini, msitu wa Walikale, tarehe 14 Oktoba 1954

Verdiane, jina ninalolitia mdomoni kabla ya chakula,

Barua yako imefika kwa miguu ya mtu kutoka Mubi, imelowa pembeni. Nimeikausha juu ya magoti yangu na kuisoma mara nne.

Kazi ni nzuri. Tunatembea kijiji kwa kijiji. Wawindaji wanaleta ngozi za chui, za mbega na za fisi-maji, zimewambwa kwenye fito, na mimi karani nafunga kikaratasi kwenye kila moja: imetoka wapi, siku gani, ni ya mnyama gani. Mzungu mwenye biashara anasema kwao kuna miezi ambayo maji yanageuka mawe, na wanawake wanavaa chui shingoni wakienda kusali. Nilimwambia mke wangu hahitaji chui, anapendeza bila hata mkufu. Hakucheka. Si mtu wa kucheka.

Umeuliza tunalala wapi. Mpenzi, ungeona! Wabebaji wamempa mzungu huyo jina Bwana Hema, kwa sababu hema lake ni nyumba kamili: sakafu imeshonwa pamoja na kuta, hata siafu hapati mlango. Ndani kuna kitanda cha kukunja, na juu yake godoro la mpira linalojazwa pumzi. Ukilala ni kama umelala juu ya maji yaliyotulia. Kuna mfuko wa kulalia unaofungwa kwa zipu hadi kidevuni. Kuna taa ya kupampu inayolia kama nyuki, na jiko dogo la petroli linalochemsha kahawa kabla hujamaliza kuvua viatu. Kuna hata beseni la turubai la kuogea maji ya moto. Mvua inapiga huko nje, na ndani inasikika kama ngoma ya harusi ya jirani.

Mwambie Papa kwamba safari za ngozi si zile zake tena. Dunia imebadilika. Mtoto wake anatembea msituni kama waziri.

Rukara yuko vizuri, anakusalimu. Usihangaike na mablanketi. Godoro la pumzi halina baridi.

Nakubusu mahali ambapo pazia linafunika,
Manassé wako


Kingi, tarehe 25 Oktoba 1954

Mheshimiwa Waziri wa Msitu, mume wangu,

Nimesoma barua yako mbele ya nyumba nzima, isipokuwa lile busu la mwisho ambalo nililimeza, na Mama akaniona nimelimeza.

Papa yako alicheka hadi akashika mbavu. "Mutoto yangu analala juu ya upepo! Upepo ya kinywa chake yeye mwenyewe! Asubui anaufungulia unaenda zake, magaribi anaupuliza tena. Siye, godoro yetu ilikuwa mugongo ya mwenzako."

Nikamwomba asimulie, nikasikiliza nyuma ya pazia. Alisema walikuwa wanane walipotoka na ngozi za chui, wakati bado ni kijana, kwa mzungu mwingine aliyekwisha kufa. Hakuna hema, hakuna turubai. Walilala wameketi, mgongo kwa mgongo, kwa sababu chini kulikuwa maji. Mmoja alibeba moto ndani ya chungu, naye ndiye aliyeheshimiwa kuliko wote. Akijikwaa, wote saba wanapiga kelele kama wanawake wa msiba. Nyayo zao zilipasuka, wakazipaka mawese. Chui wake alifungwa vibaya na ukucha ulikuwa ukimkwaruza shingo. "Nyama ile ilikuwa imekufa, lakini kazi yake haijaiacha!" Hapo hata Mama alicheka. Na mwisho walipofika walipewa chumvi, vikombe saba, kila mtu chake, wakailamba papo hapo barabarani kama ng'ombe.

Halafu akasema polepole, "Sasa ni vizuri. Mwanangu asipate kujua ile." Nikajivuna mpaka nikaona aibu.

Basi mablanketi nimeyafungua. Moja nalilalia, lina harufu yako, la pili nimempa Mama kwa magoti yake. Dereva wa lori aliuliza kama kuna mzigo wa Mubi, nikamwambia mume wangu ana godoro la mpira, apeleke barua tu. Alinitazama kama amesikia uongo! Watu wa barabara hawajui maendeleo.

Je, Rukara naye analala juu ya godoro, au mnapokezana? Hujaniambia. Niambie, ili nicheke: yeye ambaye nyumbani alikuwa akikoroma hadi ndama wakaamka.

Siku arobaini kabla ya kufunuliwa kwangu. Nazihesabu kwenye mikeka.

Verdiane wako


Kwenye mto, siku tano kutoka Mubi, tarehe 2 Novemba 1954

Dada Verdiane,

Ni miye Rukara. Mwenye anaandika ni Marcellin, mubebaji mwenzangu, mutu wa Nyabiondo. Anajua kuandika lakini mukono yake iko nzito, kwa hiyo sitasema mingi. Ananiuliza kama uko na mudogo wa kike. Nimemuambia hapana. Amesikitika.

Dada, nilingojea ile blanketi. Mutu alitoka Mubi na barua ya shemeji tu. Nilifikiri umesahau, lakini weye hausahauke.

Mvua iko siku kumi na moja haijakatika. Hema iko ya muzungu. Kwiko tena turubai kubwa, lakini ile iko ya ngozi. Ngozi zinalala pakavu, siye tunalala kando yake, chini ya majani mapana ya mangongo. Majani inakuwa mazuri siku moja, siku ya pili inakuwa kama sahani ya kutegea maji. Nyama kati ya vidole vya miguu imetoka nyeupe. Kila mutu anabeba ngozi, na siku ya kuhama miye na Marcellin tunabeba tena kitanda na beseni ya kuoga ya muzungu. Marcellin anasema: tunatembea ndani ya maji ili mwenzetu aoge.

Kifua yangu imeanza ile yake. Si sana. Ninakohoa asubui, kisha ninatembea.

Shemeji karani anaitwa kwa hema kila magaribi. Taa inawaka mule na tunasikia harufu ya kahawa. Hatumuone sana.

Usimuambie mama yetu. Na kama kwiko blanketi, tuma.

Kaka yako Rukara
(na miye Marcellin, mwandishi, ninakusalimu)


Kingi, tarehe 10 Novemba 1954

Kwa Bwana Manassé, karani,

Nimepokea barua ya kaka yangu. Nimeisoma peke yangu, kwa sababu sikuwa na uso wa kuisoma kwa sauti.

Nieleze kitu kimoja, wewe uliyesoma. Mimi niliolewa na mwanamume au niliolewa na godoro? Uliniandikia habari za godoro mistari kumi. Habari za Rukara uliandika maneno manne. "Yuko vizuri, anakusalimu." Vizuri! Nyama ya vidole vyake imegeuka nyeupe, na wewe unasikiliza mvua kama ngoma ya harusi ya jirani! Jirani ni yeye, Manassé. Aliye huko nje ni yeye.

Nilicheka kwa ajili yako. Nilikaa nyuma ya pazia hili, nimeshiba maziwa, nikacheka juu ya mateso ya baba yako kama mtu anayesikiliza hadithi ya sungura, kwa sababu uliniambia yameisha. Na mablanketi niliyafungua kwa mikono yangu mwenyewe! Kaka yangu alingojea blanketi mvuani, na mimi nilikuwa nimelilalia kwa sababu lina harufu yako. Harufu hiyo sasa inanichoma.

Huyo aliyebaki na ng'ombe ili mimi nijue kusoma, leo nimejua kusoma ili nisome kwamba anakohoa!

Nimeyafunga tena. Mama Mukandori ametoa lake bila kuulizwa, na dereva wa Alhamisi ameapa atayafikisha Mubi na kumtafuta mtu wa kuyapeleka kambini. Lakini blanketi halikupi wewe ruhusa ya kuendelea. Nakuagiza: mtoe Rukara mvuani. Mlaze kwenye hicho kitanda chenu. Kama Bwana Hema hataki, mpe nafasi yako wewe. Kama wewe hutaki, basi Jumamosi ya tarehe 4 watu wa Ngungu watakuja na mitungi yao, na badala ya kunifunua watanirudisha nyumbani nikiwa bado na taji la arusi kichwani. Aibu itakuwa yangu, najua. Nitaibeba. Si nzito kama beseni la kuogea.

Uliahidi muzima. Sikuuliza kuhusu kahawa.

Verdiane


Kambini, siku nne kutoka Mubi, tarehe 17 Novemba 1954

Verdiane,

Barua yako ilinifikia pamoja na mablanketi. Nimekaa nayo siku nzima kabla ya kushika kalamu. Una haki kwa kila neno ila moja, na hilo moja ndilo baya kuliko yote.

Sijalala ndani ya hema lile hata mara moja.

Nilikuandikia kile ninachokunja kila asubuhi. Godoro nalijua kwa sababu nalipuliza mimi, kwa kinywa changu, kila jioni, mpaka masikio yanalia. Kahawa naichemsha, naimimina, natoka. Yeye anafunga zipu. Mimi nalala upande wa pili wa rundo la ngozi kuzilinda, ndiyo maana Rukara hakuniona sana. Chini ya turubai siruhusiwi. Anasema pumzi ya mtu inatia unyevu kwenye manyoya. Mgongo wangu unagusa turubai, miguu yangu iko mvuani. Vidole vyangu ni kama vya kaka yako.

Kwa nini nilisema uongo? Ningemwandikiaje bibi-arusi wa siku kumi na tano kwamba mume wake msomi, mwenye kalamu mfukoni, analala kama kuni? Papa alinilipia shule ili nisijue mgongo wa mwenzangu. Nilitaka uwe na mume aliyetoka katika hadithi hizo. Sikujua kwamba uongo wangu utamvua Rukara blanketi. Kwa hilo silali, hata pangekuwa na godoro.

Sasa sikiliza yaliyotokea jana. Rukara alianguka njiani mchana, na mzigo juu yake. Homa kali, na mate yake yana rangi ya kutu. Nilienda kwa Bwana Hema nikasema, "Bwana, huyu mutu anakufa, tumuingize pakavu." Alikuwa anakata kucha. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mutu akilowa, anakauka. Ngozi ikilowa, inaoza."

Alisema hivyo, Verdiane, bila hasira, kama mtu anayesema leo ni Jumanne.

Sijui nilitoka vipi. Najua kwamba mvua ya saa nane ilikuwa inaanza, na kwamba nilifungua kamba za turubai mimi mwenyewe, moja moja, wabebaji wote wakinitazama. Tulimfunika Rukara. Halafu Marcellin akasema, "Karani, iko nafasi ya batu wengine," na kumi na mmoja wakaingia chini yake. Tulikaa humo tukitoa moshi kama ng'ombe zizini. Ngozi zilikaa nje. Chui tisa. Leo ukiwagusa, manyoya yanabaki mkononi.

Alipoona alipiga kelele hadi sauti ikakatika. Aliniambia nimemwibia. Ametuma mtu mbio kwenye kituo cha serikali, na askari watanikuta hapa au njiani. Sitakimbia. Marcellin na watatu wengine wamekata miti miwili, wamefunga turubai lile lile katikati, na sasa wanambeba Rukara kwenda zahanati ya Mubi, akiwa amefungwa ndani ya mablanketi yote mawili. Marcellin anaichukua barua hii.

Sijui kama atafika akiwa hai. Niliahidi, na sijui.

Usinisamehe kwa haraka.

Manassé


Mubi, tarehe 1 Desemba 1954

Manassé wangu, mume wangu,

Ndiyo, nimeandika Mubi. Umesoma vizuri.

Barua yako ilifika Kingi saa nne asubuhi. Mara hii niliisoma kwa sauti, yote, mpaka kwenye vidole vyako. Nilipofika pale pa mtu akilowa anakauka, Papa yako alinizuia. Halafu akasema, "Tulitoka wanane. Nilisema vikombe saba vya chumvi. Hakuna mwenye aliuliza." Nikauliza sasa. Akasema, "Yule wa chungu ya moto. Alishikwa na kifua. Muzungu alisema ngozi zinachelewa. Tulimuachia moto wake, tukaenda. Miaka yote ninawachekesha batu na ile safari, ili nisifike pale."

Nilisimama nikasema naenda Mubi. Mama Mukandori alishika kichwa. "Mbele ya siku? Mu mwangaza? Bibi-arusi mwenye hajafunuliwa, ndani ya lori, katikati ya wanaume na magunia? Ngungu watasema nini?" Majirani wawili walikuwapo nao wakaanza. Papa aliinuka, akalikunja pazia la mikeka mpaka juu, akalifunga kwa kamba. "Nimemufunua miye," akasema. "Mwenye iko na neno aniletee miye." Akanishika mkono hadi barabarani. Watu wote wa Kingi waliniona. Mvua ilikuwa inanyesha na sikujifunika.

Kwenye lori nilikaa juu ya gunia la maharagwe. Tulikwama matopeni mara tatu na mara tatu nilishuka kusukuma na viatu vya harusi. Kila tulipokwama nilifikiria wale wanne na turubai mabegani mwao, nikasukuma kwa hasira. Sikujua nina nguvu hiyo. Maziwa ya Mama yamefanya kazi.

Rukara alikuwa hai nilipofika. Hai kidogo tu. Muganga alikuwa amempiga sindano tangu siku ya kwanza, akaniambia, "Wangemulaza usiku mumoja tena ndani ya maji, ningekuwa ninakuandikia cheti." Siku tatu hakunitambua. Siku ya nne alifungua macho, akatazama kichwa changu, akasema, "Nani alikufungulia mulango?" Nililia mpaka wagonjwa wengine wakanituliza.

Sasa yaliyo mbele yako, nayasema haraka, kwa sababu Marcellin amesimama hapa na fimbo yake akingoja barua hii.

Bwana Hema alifika Mubi jana. Alikuja zahanati kutafuta wabebaji wake, akaambiwa mimi ni nani. Manassé, alivua kofia! Akasema, "Wewe iko madame ya karani? Karani iko mutu muzuri, alikosea tu. Mimi napenda yeye rudi kazi Januari." Akanionyesha karatasi. Ukitia sahihi, anaondoa mashtaka. "Yeye tia sahihi, Jumamosi iko nyumbani." Jumamosi! Hajui Jumamosi ni siku gani kwangu. Au pengine ameambiwa.

Nikasema, "Bwana, nipe nisome." Akacheka kwa upole, akasema imeandikwa Kifaransa. Nikasema, "Ndiyo maana naomba kuisoma." Nikaisoma, neno kwa neno, mpaka kicheko kikamwisha mdomoni.

Imeandikwa hivi: kwamba wewe, kwa uzembe wako, uliondoa kifuniko cha mali ya bwana wako bila sababu.

Bila sababu.

Nilimwuliza, "Bwana, kwa nini umeandika hivyo?" Akasema ni neno la sheria tu, halina ubaya, watu wa ofisini wanalipenda. Nikamwambia, "Basi ingia uwaambie pia wagonjwa. Sababu iko kitanda cha tatu, upande wa dirisha." Hakuingia. Alisimama mlangoni, viatu vyake vikavu, akaivaa kofia akaenda. Lori lake litaondoka kesho kukuletea karatasi hiyo hapo kituo cha serikali, ambako amesema askari wamekuzuia, kama barabara italiruhusu. Marcellin anaondoka sasa, kwa njia ya mkato. Anasema atalishinda lori, na kwamba zamu hii habebi beseni.

Mume wangu, nataka uje. Nataka mpaka naona haya kuandika. Nimekuwa mke kwa siku sabini na nne na nimekuwa nawe siku saba. Ukitia sahihi, Jumamosi utakuwa mlangoni, nami nitakukimbilia mbele ya Ngungu yote, na hakuna atakayetulaumu. Muganga anasema usipotia wanaweza kukufunga miezi miwili, labda mitatu. Nimezipima hizo siku usiku na mchana na bado nakwambia: usitie.

Kwa sababu ukikubali kwamba hapakuwa na sababu, safari ya Januari turubai litafungwa kwa kufuli. Na mtu mwingine atasema wanane, halafu saba, na watu watacheka. Mwaka huu nimecheka vya kutosha.

Nilikuita godoro. Nisamehe, au usinisamehe kwa haraka, kama ulivyoniambia wewe. Tutalimaliza uso kwa uso. Jumamosi nitakaa hapa barazani, bibi-arusi mwangazani, na watu wa Ngungu wakitaka kunipa maziwa wayalete Mubi. Atakayeniuliza mume wangu yuko wapi nitamwambia mahali ulipo na kwa nini, kwa sauti, hata wa kwenye malori wasikie.

Wakikuletea ile karatasi, usibishane nao, usiwape matusi. Waambie tu wafute maneno mawili, halafu waandike ukweli badala yake. Wakikuuliza sababu gani, wewe unaijua. Ina miaka ishirini na sita, imekonda, inakoroma vibaya sana, na asubuhi hii imekunywa uji bakuli zima, ikaomba jingine.

Mke wako,
Verdiane